Namna ya kubuni sakiti ya kusimamia umeme wa amplifaya ya transmita ya FM ya wati 250

Transista ya nguvu katika transmita ya FM ikiungua, mafundi wengi huanza kuitazama antena na kebo, na mara nyingi wana sababu ya kufanya hivyo. Hata hivyo antena mbovu peke yake haipaswi kuiua transista. Kinachoiua ni umeme unaoendelea kumiminika kwenye dreni, yaani mguu wa transista unaopokea umeme mkubwa, kwa mikrosekunde au milisekunde kadhaa baada ya hitilafu kutokea, wakati hakuna kitu kilichokuwa tayari kuukata. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauhusu transfoma za kulinganisha ukinzani wala vichujio vya harmoniki. Unahusu sakiti inayoilisha transista umeme, inayoweka bayasi ya geti (volti ndogo ya kudumu kwenye mguu wa udhibiti), inayopima mkondo, na inayokata kwa wakati unaofaa na mahali panapofaa.

Mfano tutakaoufuata ni amplifaya ya hatua moja ya masafa ya 87.5 hadi 108 MHz, inayotoa wati 250 kwa umeme wa volti 48, ikitumia transista moja ya LDMOS (jamii ya mosfeti za nguvu za redio) aina ya MRF300AN ya kampuni ya NXP. Transista hii imekadiriwa wati 300 kwa volti 50, hufanya kazi kuanzia 1.8 hadi 250 MHz, dreni yake huvumilia hadi volti 133, na geti yake haipaswi kutoka nje ya mipaka ya volti 6 hasi na volti 10 chanya. Imo ndani ya kifuko cha plastiki cha TO-247 ambacho fundi yeyote wa pawa saplai amekwisha kukishika, na sosi yake, mguu wake wa tatu, imeungana na bamba la chuma la mgongoni, kwa hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye chuma cha kupozea bila karatasi ya mika. Anayetumia transista nyingine ya volti 50, kwa mfano BLF188XR, atabadilisha tarakimu, lakini mpangilio wa kazi utabaki uleule.

Kazi yote inayoelezwa hapa hufanyika kwenye mzigo bandia wa omu 50. Kuunganisha antena na kurusha matangazo kunahitaji leseni, iwe ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya nishati kabla ya kununua chochote

Chukua ufanisi wa asilimia 70, ambao ni makisio ya tahadhari kwa amplifaya pana ya FM. Kutoa wati 250 kutahitaji wati 357 za umeme mnyoofu, yaani ampea 7.4 kwa volti 48, na wati 107 zitabaki kwenye transista kama joto. Tarakimu hizi tatu ndizo zitakazoamua ukubwa wa chanzo, wa fyuzi, wa rizista ya kupimia mkondo na wa chuma cha kupozea, kwa hiyo ziandike juu ya karatasi ya mchoro.

Ukinzani wa joto kutoka kiini cha MRF300AN hadi mgongo wake ni nyuzi 0.55 kwa kila wati, hivyo kiini kitakuwa na joto la nyuzi 59 zaidi ya mgongo. Ukiuweka mgongo usizidi nyuzi 85, kiini kitafika takriban nyuzi 144, kiwango kinachokubalika kwa transista itakayofanya kazi usiku na mchana. Katika chumba chenye joto la nyuzi 40, jambo la kawaida kwenye kibanda cha mabati kisicho na kiyoyozi, umebakiwa na nyuzi 45 za kugawa kwa wati 107, yaani nyuzi 0.42 kwa wati kwa chuma cha kupozea pamoja na grisi ya joto. Bila feni hutafika hapo kwa chuma cha ukubwa wa kawaida, na feni ikishakuwa ya lazima, basi kusimama kwa feni nako ni hitilafu ambayo sakiti yako inapaswa kuijua.

Hatua ya 2: Chagua chanzo cha volti 48

Pawa saplai ya kiwandani ya volti 48 na wati 480 au 500 inatosha kwa kazi hii na huacha nafasi ya kupumua. Usinunue ya wati 360 kwa kuwa hesabu imetoa 357. Pawa saplai inayofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake hupata joto, na nyingi huanza kujizima na kujiwasha zenyewe mzigo unapozidi kidogo, jambo ambalo ni baya zaidi kwa amplifaya kuliko kuzima kabisa.

Ugumu huja pale kituo kinapoendeshwa kwa betri. Betri nne za asidi zilizounganishwa mfululizo huitwa za volti 48, lakini zikiwa kwenye chaji ya kudumu husimama karibu volti 54, na chaja inapozisawazisha hupanda hadi volti 57 na zaidi. Kwa amplifaya iliyopimwa kwa volti 48 huo ni mpando wa takriban asilimia 19, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, wati 250 zinaweza kukaribia 350 bila mtu kugusa kitufe. Ukitumia betri, weka kati yake na amplifaya kigeuzi cha umeme mnyoofu kinachotoa volti 48 zisizobadilika.

Kuna mtego mwingine kwenye minara inayochangiwa na kampuni za simu. Mitambo ya simu hutumia volti 48 hasi, yaani upande wa chanya ndio uliofungwa ardhini. Sosi ya transista yetu iko kwenye chasisi, nayo ni upande wa hasi. Kuunganisha amplifaya moja kwa moja kwenye mfumo huo ni kufunga shoti kupitia ngao ya kebo ya antena na nguzo ya mnara. Ukilazimika kuutumia, kigeuzi kilichotenganishwa kwa transfoma kati ya ingizo na tokeo ni cha lazima.

Pamoja na chanzo kikuu unahitaji volti 12 za msaada kwa ajili ya feni, mikrokontrola na bayasi. Zipate kwa kigeuzi kidogo kinachokubali ingizo la volti 18 hadi 75, na ukiunganishe kabla ya swichi ya dreni, si baada yake. Hivyo ubongo wa sakiti utaamka kabla ya dreni kupata umeme, na chanzo kikuu kikianza kushuka, utaendelea kuwa macho muda mrefu baada ya dreni kukatwa.

Hatua ya 3: Jenga njia ya dreni

Umeme ukiingia kwenye chasisi ukutane kwanza na fyuzi ya ampea 15. Soma volti zilizoandikwa juu yake. Fyuzi nyingi za gari, zile za plastiki zenye miguu bapa, zimekadiriwa volti 32 tu. Kwenye volti 48 za umeme mnyoofu waya wake unaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuupitisha mkondo. Tafuta zilizokadiriwa volti 58 au zaidi. Baada ya fyuzi weka dayodi ya kuzuia mshtuko wa volti, SMCJ58A, kutoka chanya hadi ardhi. Haiguswi na volti 58, na hubana mshtuko usizidi volti 93.6. Mtu akigeuza waya za chanya na hasi, dayodi hiyohiyo hupitisha mkondo na kuilipua fyuzi, na hasara inakuwa ya fyuzi.

Kinachofuata ndicho kiini cha njia hii, nacho ni swichi ya mosfeti inayoongozwa na sakiti ya kuwasha polepole. LM5069 ya Texas Instruments inafaa vizuri, kwa kuwa hufanya kazi kuanzia volti 9 hadi 80, hupima mkondo, huzuia nguvu inayoipata mosfeti wakati wa kuwasha, na hukata volti zikiwa juu au chini mno. Chagua LM5069-1, ambayo ikishakata hubaki imekata. LM5069-2 hujaribu tena yenyewe, na kwa maoni yangu kurudisha umeme kwenye transista yenye hitilafu bila kujua imepatwa na nini ni kuitafutia kifo.

Sakiti hii huanza kuuzuia mkondo pale rizista ya kupimia inapofikisha milivolti 55. Rizista ya miliomu 5 itaweka kikomo kwenye ampea 11, mara moja na nusu ya mkondo wa kawaida. Kwa ampea 7.4 rizista hiyo hula wati 0.27, hivyo chukua ya wati 1 au 2, na uchore njia za kupimia zikitoka kwenye miguu yake yenyewe, si katikati ya njia nene ya shaba. Mosfeti iwe ya aina ya N, ya volti 100, na iliyochaguliwa kwa jedwali la eneo salama la kazi, si kwa ukinzani mdogo pekee. Mosfeti nyingi za kisasa zenye ukinzani mdogo sana zimeundwa kuwashwa na kuzimwa upesi, na huungua zikiachwa katikati kwa milisekunde chache.

Mipaka ya volti huwekwa kwa vigawanyaji viwili vya rizista, kwa kuwa pini zote mbili za LM5069 zinazopima volti hulinganisha na volti 2.5. Kwa kikomo cha chini tumia kiloomu 158 juu na kiloomu 10 chini, na dreni itakatwa volti zikishuka hadi 42. Chipu huongeza mkondo mdogo wa mikroampea 21 kwenye kigawanyaji ili swichi isitetemeke mpakani, na kwa rizista ya kiloomu 158 hilo ni pengo la volti 3.3, kwa hiyo haitawasha tena hadi chanzo kifike takriban volti 45.3. Kwa kikomo cha juu, kiloomu 200 na kiloomu 10 zingetoa volti 52.5, lakini pengo la kurudia lingekuwa volti 4.2, na amplifaya isingewaka tena hadi chanzo kishuke hadi volti 48.3. Pawa saplai iliyorekebishwa kwa volti 48.5 ingeiacha imezima milele, na fundi angeitafuta hitilafu isiyokuwepo. Tumia kiloomu 100 na kiloomu 4.99: kikomo kinabaki karibu volti 52.6, na kurudia kunakuwa volti 50.5.

Baada ya swichi huja kapasita ya akiba, na hapa ndipo mazoea ya amplifaya za muziki humpotosha fundi. Wimbi la FM lina kimo kisichobadilika, hivyo mkondo wa dreni nao haupandi wala kushuka kwa kufuata sauti. Huhitaji mikrofaradi elfu kumi. Mikrofaradi 470 za volti 100 zinatosha; zikijaa volti 48 hubeba jouli 0.54. Akiba kubwa ina gharama mbili. Kwanza, wakati wa kuijaza, mosfeti ya swichi hula nishati sawa na ile inayowekwa kwenye kapasita. Pili, transista ikifunga shoti, akiba yote humiminika ndani yake hata kama swichi imekata, kwa sababu kapasita iko upande wa pili wa swichi. Anayejenga amplifaya ya SSB au ya televisheni ya dijitali, ambako kimo cha wimbi hubadilika kila wakati, ndiye anayehitaji akiba kubwa zaidi, na lazima alipe gharama hizo.

Weka pia rizista ya kiloomu 10 sambamba na kapasita hiyo ili iimwage baada ya kuzima, kwani geti ikiwa imefungwa hakuna kitu kingine cha kuimaliza. Itachukua karibu sekunde 25 kuisha, basi subiri kabla ya kuingiza vidole. Kwenye tokeo la swichi ongeza dayodi ya Schottky ya volti 100 kutoka ardhi kwenda chanya. Swichi inapokata ghafla, waya na koili huvuta volti kwenda hasi, na dayodi hiyo huzizuia.

Hatua ya 4: Tengeneza bayasi ya geti

Geti ya LDMOS haitumii mkondo unaohesabika, kwa hiyo bayasi ni suala la volti tu, lakini volti hizo zinahitaji uangalifu kwa sababu mabadiliko ya sehemu ya kumi ya volti yanaweza kuugeuza mkondo wa utulivu mara kadhaa. Lengo letu ni miliampea 100 bila ishara yoyote ya redio, na volti zake huwa kati ya 2 na 2.7, zikitofautiana kutoka transista moja hadi nyingine hata zikiwa za boksi moja.

Anza na regyuleta ya volti 5 inayolishwa na zile volti 12. Kutoka hapo shusha mnyororo huu: rizista ya kiloomu 2.2, potenshomita ya mizunguko mingi ya kiloomu 2, rizista ya kiloomu 1, na mwishoni transista ndogo ya NPN iliyounganishwa kama dayodi, yaani besi na kolekta zimeshikana. Mkondo wa mnyororo ni karibu miliampea 0.85, na mkono wa potenshomita utatembea kati ya volti 1.45 na 3.14. Hata mtu akiizungusha hadi mwisho kwa bisibisi, geti haitapata volti 5.

Transista ile ndogo huingizwa ndani ya chuma cha kupozea, karibu kabisa na MRF300AN. Mkondo wa utulivu wa LDMOS hupanda joto linapopanda, na ili usibadilike, volti ya geti inapaswa kushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Dayodi nayo hushuka milivolti 2, ila kigawanyaji hupitisha asilimia 60 tu ya mshuko huo, kwa hiyo geti inapata milivolti 1.2. Kwa FM hiyo inatosha. Kwa amplifaya inayohitaji unyoofu, weka dayodi mbili mfululizo na upunguze rizista ya chini hadi omu 330. Fidia itapita kidogo kiwango, na kupita huko ni upande wa usalama, kwani mkondo utapungua joto likizidi.

Mnyororo huu una udhaifu mmoja unaopaswa kujulikana. Waya wa dayodi ukikatika, mkondo wa mnyororo hukoma na mkono wa potenshomita hupanda hadi volti 5. Ndiyo sababu dayodi hiyo iunganishwe kwa waya zilizochomewa, si kwa plagi, na ndiyo sababu hatua ya 7 inadai mkondo wa utulivu upimwe kila amplifaya inapowashwa. Vilevile weka rizista ya kiloomu 47 kutoka mkono wa potenshomita hadi ardhi: mkono ukipoteza mguso, jambo la kawaida potenshomita ikizeeka, geti itaanguka hadi sifuri badala ya kuelea.

Hatua ya 5: Weka swichi ya kuifunga geti

Hapa ndipo pa kukatia. Swichi ya dreni hubeba ampea nyingi na ina kapasita nyuma yake, hivyo hata ikikata haraka, transista hubaki na jouli nusu mkononi. Geti haina mzigo huo. Ukiishusha hadi sifuri, LDMOS hufunga, na bila mkondo wa bayasi amplifaya hupoteza sehemu kubwa ya ukuzaji wake papo hapo. Hitilafu yoyote basi ifunge geti kwanza na dreni baadaye.

Tumia mosfeti ndogo ya 2N7002, dreni yake kwenye waya wa bayasi, sosi yake ardhini. Geti ya mosfeti hiyo ivutwe na rizista ya kiloomu 10 kwenda volti 5, ili hali yake ya kawaida iwe imefunga njia, na mtawala ndiye alazimike kuivuta chini ili kuachilia bayasi. Mikrokontrola ikiganda, ikiwa inaanza upya, au kebo yake ikichomoka, amplifaya inanyamaza.

Mahali pa kuiweka pana maana kuliko aina yake. Michoro mingi huweka rizista ya kiloomu 1 na kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye waya wa bayasi ili kusafisha kelele. Ukifunga kabla ya rizista hiyo, geti itachukua milisekunde 10 kushuka, na katika muda huo wati nyingi zimekwisha kupita. Funga baada ya rizista, upande wa geti, na punguza kapasita iliyobaki upande huo hadi nanofaradi 100. Kwa ukinzani wa omu 5 hivi wa 2N7002, geti itaanguka kwa muda usiozidi mikrosekunde 2. Kapasita ya mikrofaradi 10 ibaki upande wa pili wa rizista.

Hatua ya 6: Pima, na uamue nani akate

Mambo manne ni ya lazima kupimwa: mkondo wa dreni, nguvu inayokwenda, nguvu inayorudi na joto. Kwa mkondo, chipu ya INA240A2 inayokuza mara 50 husoma ileile rizista ya miliomu 5. Kwa ampea 11 hutoa volti 2.75, ndani ya uwezo wa mikrokontrola ya volti 3.3, na kwa miliampea 100 hutoa milivolti 25, ambazo kigeuzi cha dijitali cha biti 12 husoma kama hatua 31. Kosa lake la kuanzia halizidi mikrovolti 25, sawa na miliampea 5, kwa hiyo mkondo wa utulivu unasomeka bila shaka.

Nguvu inayorudi husomwa na kapla ya mwelekeo, kifaa kinachotenganisha nguvu inayokwenda na inayorudi, kwenye tokeo, baada ya kichujio. Kwa wati 250, uwiano wa mawimbi simamizi (SWR) wa 1.5 hurudisha asilimia 4, yaani wati 10. Uwiano wa 2 hurudisha asilimia 11, karibu wati 28. Uwiano wa 3 hurudisha robo nzima. Napendekeza mikrokontrola ianze kupunguza nguvu ya kuendesha kuanzia wati 10 zinazorudi, na kukata kabisa kufanyike kwenye wati 28.

Kukata huko kusiachiwe programu. Mikrokontrola inayosoma vipimo kila milisekunde moja inaonekana ya haraka mezani, lakini ni ya kuchelewa kwa transista inayorudishiwa nguvu zake zote na antena iliyokatika. Pitisha ishara ya nguvu inayorudi, na ya mkondo, kwenye komparata ya LM393, ambayo hujibu kwa takriban mikrosekunde moja, kisha kwenye kishikizi cha 74HC74 kinachokumbuka hitilafu, na tokeo lake lifunge geti moja kwa moja kwa waya. Mikrokontrola ipewe taarifa tu baada ya jambo kutendeka, na yenyewe ndiyo iamue kama kishikizi kifunguliwe. Kazi zake za halali ni zile za polepole: joto, feni, kupunguza nguvu, na kuweka kumbukumbu ya hitilafu pamoja na saa yake.

Kwa kituo kilicho juu ya mlima, mbali na fundi, ruhusu majaribio machache ya kurudi hewani. Mvua iliyoingia kwenye kiunganishi au radi iliyopita huondoka, na si haki kituo kinyamaze siku tatu kwa ajili yake. Subiri sekunde 10, rudi kwa robo ya nguvu, pima, kisha panda. Baada ya mara tatu ndani ya saa moja, baki umezima hadi mtu afike.

Joto lipimwe kwa vitu viwili visivyotegemeana: kipimajoto kinachosomwa na mikrokontrola, na swichi ya joto ya kawaida, ile ya chuma inayojifungua yenyewe kwenye nyuzi 80, iliyounganishwa kwenye waya wa kufunga geti.

Hatua ya 7: Pangilia kuwasha na kuzima

Kuwasha kufuate mpangilio huu bila kuruka. Volti 12 zinakuja, mikrokontrola inaamka huku geti ikiwa imefungwa. Inakagua joto, feni na volti za chanzo. Inaiachia LM5069, dreni inajaa polepole, na mkondo unapaswa kurudi karibu sifuri kwa kuwa geti bado imefungwa; ukiwa juu ya miliampea 20, transista au kapasita ina hitilafu, na safari iishie hapo. Ndipo geti inaachiliwa, na mkondo wa utulivu unapimwa. Ukiwa kati ya miliampea 50 na 200, ishara ya redio inaruhusiwa kuingia, kwanza kidogo kisha yote. Nje ya mipaka hiyo geti ifungwe tena. Hapo ndipo dayodi iliyokatika, potenshomita iliyochoka au transista iliyoanza kuharibika hugunduliwa kabla ya kuleta hasara. Kuzima ni kinyume chake: ishara ya redio, geti, dreni.

Anayehamia kwenye transista za GaN (galiamu nitraidi) asichukue mpangilio huu kama ulivyo. LDMOS hufunga geti ikiwa sifuri, lakini transista za GaN za redio kwa kawaida hupitisha mkondo wote geti ikiwa sifuri. Kwao volti hasi za geti, kwa mfano 5 hasi, lazima ziwepo na zithibitishwe kabla dreni haijapata umeme, na dreni iondoke kabla volti hasi hazijaondoka. Swichi yetu ya 2N7002 inayoshusha geti hadi ardhi ingeiunguza GaN badala ya kuiokoa.

Hatua ya 8: Chora bao

Tenganisha bao la usimamizi na bao la redio, na weka ukuta wa chuma kati yake. Kila waya unaovuka ukuta, yaani dreni, bayasi, kipimajoto na vipimo vya kapla, upite kwenye kapasita ya kupenyea ya nanofaradi 1, na waya za ishara ziongezwe shanga ya feraiti. Wati 250 za 100 MHz zikiingia kwenye komparata zitaifanya ikate bila sababu, au, vibaya zaidi, zitaizuia isikate. Kwenye njia ya dreni, upande wa chanzo wa koili ya kuzuia redio, weka kapasita za pikofaradi 470, nanofaradi 10 na mikrofaradi 1 sambamba, ndogo ikiwa karibu zaidi na transista. Zote ziwe za volti 100 au zaidi. Za kauri za daraja la X7R hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake volti zinapokaribia kikomo chao.

Hatua ya 9: Jaribu bila transista ya redio kwanza

Usiuguse MRF300AN hadi sakiti yote ya usimamizi iwe imethibitishwa. Mahali pa transista unganisha balbu nne za gari za volti 12 na wati 55 mfululizo. Zikiwaka zitavuta karibu ampea 4.6. Balbu baridi huvuta mkondo mkubwa mno mwanzoni, kwa hiyo LM5069 inaweza kukata mara ya kwanza, na hilo lisikukasirishe, kwani umeona kikomo kikifanya kazi. Washa balbu kwanza kwa chanzo kingine, kisha hamishia kwenye swichi. Ongeza mnyororo wa pili wa balbu nne ufike ampea 9, na hakikisha haikati.

Kisha chomoa dayodi ya bayasi makusudi, na uone mkono wa potenshomita ukipanda. Rudisha. Unganisha osiloskopu kwenye waya wa geti, lazimisha kishikizi kwa volti kutoka pawa saplai ndogo badala ya kapla, na pima muda kutoka hitilafu hadi geti kufika chini ya volti 1. Ukipata zaidi ya mikrosekunde 10, tafuta kapasita iliyo upande usiofaa wa rizista. Badilisha volti za chanzo kutoka 40 hadi 55 na uandike mahali swichi inapokata na inaporudi. Zilinganishe na hesabu za hatua ya 3.

Baada ya hapo ndipo utie transista, potenshomita ikiwa chini kabisa, dreni ikiwa kwenye chanzo cha maabara cha volti 28 kilichobanwa ampea 0.5, tokeo likiwa kwenye mzigo bandia. Jaribio hili lipitie regyuleta na swichi ya geti pekee, kwa kuwa LM5069 haitakubali volti 28. Zungusha taratibu hadi miliampea 100, acha dakika kumi, na tazama kama mkondo unapanda transista inapopata moto. Hamia volti 48, rekebisha tena, kisha ingiza ishara ya redio kwa nguvu ndogo. Ukifika wati 50, ondoa mzigo bandia kwa makusudi mara moja tu: sakiti ikate, taa ya hitilafu iwake, na mkondo urudi sifuri. Ikiwa imepita jaribio hilo, panda hadi wati 250 na uiache saa nne ukiandika joto la mgongo kila robo saa, kifuniko cha chasisi kikiwa kimefungwa kama kitakavyokuwa kituoni.